Siku Mama Alipoingia Mtoni Kinyumenyume

Mama yangu alikuja Kitale kunichukua. Alishuka kwenye basi la kutoka Bungoma na kikapu kichwani na mwavuli mkononi, na kabla hatujamaliza salamu alinizungushia vidole viwili kwenye kifundo cha mkono kuona kama vitakutana. Vilikutana, vikapitana. "Mutoto wangu," akasema, "Jumatatu tunarudi nyumbani."

Ilikuwa Jumatano. Nilikuwa nimeolewa mwaka mmoja na nusu, na mimba yangu ya kwanza ilikuwa imetoka ikiwa na miezi mitano. Tangu hapo mimi na chakula tulikuwa hatuelewani. Nikipika nilisikia njaa, nikipakua njaa ilikimbia. Mume wangu alinitazama nikizungusha tonge moja la ugali vidoleni mpaka likapoa, na hakusema kitu, kwa sababu hakuwa mtu wa maneno. Aliyepeleka habari Bungoma simjui mpaka leo, ingawa namshuku jirani yetu, mama mmoja wa Chwele ambaye hakuna jambo la kambi lililompita.

Tuliishi kwenye kambi ya wafanyakazi katika shamba la mzungu, mwendo wa saa mbili kwa miguu kutoka Kitale mjini, upande wa mto Nzoia. Miaka hiyo ya hamsini uhuru ulikuwa bado ni jambo la kunong'onezana. Mume wangu alikuwa seremala wa shamba. Alitengeneza magurudumu ya mikokoteni, milango ya mazizi, mizinga ya nyuki, hata jeneza akiombwa. Mikono yake ilikuwa mizuri kuliko ya mtu yeyote niliyewahi kumwona kazini, na niseme ukweli, niliipenda hiyo mikono kabla sijampenda yeye mwenyewe. Ila alikuwa na tabia moja ya kuudhi. Akiona kitu kilichotengenezwa na mtu mwingine hatulii mpaka naye akitengeneze, awe anakihitaji au hakihitaji.

Ndivyo tulivyopata mashua. Bwana wa shamba alikuwa na chombo chake alichokiita kayaki, chembamba, cha mtu mmoja, kimefunikwa juu pote isipokuwa tundu la kukalia. Siku moja kilipasuka, akamwita mume wangu akitengeneze. Mume wangu alikitengeneza kwa siku mbili, akakipima kwa kamba, akarudi nyumbani na macho ya mtu aliyeona malaika. Miezi mitatu iliyofuata alikunja fito, akazifunga, akazivika turubai kuukuu la lori, akalipaka lami mara tatu. Akachonga na kasia lenye bapa huku na huku. Kisha akakitundika kile chombo chini ya paa la jiko na kukitazama. Hakukitia majini hata mara moja. Mtu wa kwao hajui kuogelea. Alizaliwa huko juu kwenye miteremko ya mlima Elgon, ambako maji ni ya kuchota na kuvuka kwa kuruka.

Mama yangu naye alikuwa mtu wa maji. Aliolewa Bungoma, lakini alizaliwa mwambao wa ziwa, kule Nzoia inakomalizikia, na alijua kupiga kasia kabla hajajua kusuka kikapu. Akiwa mtu mzima aliuza samaki wakavu soko la Chwele, na Kiswahili chake alikiokota humo humo sokoni. Kwake samaki walikuwa chakula, dawa na kipimo cha ubinadamu.

Sasa lazima nieleze jambo moja, maana bila hilo hamtaelewa kilichotokea. Kwetu mwanamume na mama wa mke wake hawaonani. Si uadui, ni heshima, tena heshima nzito. Wakikutana njiani mmoja huingia vichakani. Hawapeani mkono, hawasemezani ana kwa ana, wala mama hali chakula na kulala katika nyumba ya mkwewe mpaka yafanywe ya mila ya kuwafungulia waonane. Yetu yalikuwa hayajafanywa. Kwa hiyo Mama alilala na kula kwa yule jirani wa Chwele, na jikoni kwangu alikuja tu wakati mume wangu yuko kazini. Mume wangu akirudi alianza kukohoa toka mbali ili Mama apate nafasi ya kutoka au kujifunika leso usoni. Alikohoa sana siku zile. Mnyapara akamwuliza kama ana kifua kikuu.

Lakini msifikiri kwamba hawakuongea. Waliongea sana, kupitia kwangu. Ijumaa jioni Mama alikuwa jikoni ananisukia kikapu, mume wangu amekaa nje nyuma ya ukuta ananoa randa yake. Mama alijua yuko pale. Akapaza sauti, macho yakiwa kwangu.

"Huyu mutoto si mimi nilimulea na samaki? Hakuna ugonjwa alishika hapa ndani mchuzi haukutoa. Sasa hapa ni nini? Maharagwe na posho, posho na maharagwe. Ati apone na nini?"

Randa ikanyamaza. "Mwambie Mama," mume wangu akasema kutoka nje, "samaki wako. Nzoia si hiyo hapo?"

"Mwambie samaki hawakujangi jikoni na miguu."

"Mwambie niko na mashua."

Mimi nilikuwa katikati na sikuwa nimesema neno hata moja. Mama akaweka ukindu chini. Akainua macho kwenye dari ya nyasi, akakiona chombo cha turubai kinaning'inia juu ya kichwa chake, kitu ambacho siku tatu zote alidhani ni ghala la aina fulani.

"Hii?" akasema. "Hii ni mashua? Mwambie hii ni sanduku ya kuzikia mutu mwembamba."

Nilicheka. Nilicheka kwa sauti, mara ya kwanza tangu mimba ile itoke, na wote wawili wakanyamaza kusikiliza, mmoja ndani na mmoja nje. Nadhani ni kicheko hicho kilichomfanya mume wangu aamue. "Mwambie Mama," akasema, "Jumapili ataona."

Nilijua vizuri kilichokuwa kwenye mizani. Niliwajua wasichana waliorudi kwao kupumzika kidogo. Mwaka huisha, wa pili huingia, wazee hukutana, na mume huko aliko huambiwa atafute mwingine. Nilitaka kubaki. Nataka pia kukiri kwamba kuna saa nilitaka kubebwa kama mtoto, nirudi Bungoma nilale kwenye mkeka wa mama yangu nisiulizwe kitu. Nisingeweza kumpinga Mama, hakuna kati yetu watoto aliyewahi kuweza. Na mume wangu, mwenye kunitaka nibaki, ndiye mtu pekee duniani asiyeruhusiwa kwenda mbele yake akasema, "Mama, niachie mke wangu." Hakuwa na mdomo wa kusemea. Alikuwa na mashua ambayo haijawahi kulowa.

Jumapili hatukwenda kanisani, Mungu atusamehe. Alfajiri mume wangu alijitwika chombo kichwani, mikono ikishika kingo, akatangulia kwa njia ya ng'ombe inayoteremka mtoni. Mimi nikafuata na chungu, chumvi, vitunguu na nyanya. Nyuma yangu, mbali kiasi cha heshima, akafuata Mama na kikapu chake. Hakualikwa. Nilipogeuka kumtazama aliniambia anakwenda kuomba Mungu penye majani mabichi, basi nisimsumbue.

Nzoia pale hupinda na kutengeneza kidimbwi kikubwa, maji ya kahawia, mazito, yanayokwenda polepole juu na haraka chini. Mvua za juma lile zilikuwa zimeyapandisha. Mama akachagua kichaka, akaketi nyuma yake akiupa mto mgongo, leso kichwani, uso kuelekea mahindi ya mzungu. Mume wangu alikuwa na minyoo kwenye kopo, ndoana tatu kutoka duka la Mhindi mjini, na upondo, mti mrefu wa kujisukumia kutoka ukingoni. Akavua shati akanipa. Akaingia kwenye lile tundu mguu mmoja mmoja kama mtu anayevaa suruali ya mgeni. Akausukuma ukingo kwa upondo, upondo ukabaki umechomekwa kwenye tope, chombo kikaelea.

Kilielea! Ningependa mngeona uso wake. Alinigeukia akataka kunipungia mkono, chombo kikayumba, akarudisha mkono haraka.

"Amekaa wapi?" Mama akauliza kutoka kichakani, bila kugeuka.

"Katikati, Mama."

"Mwambie asipige maji hivyo. Anapiga kama mutu anaua nyoka. Asikie mto."

Nikamwambia. Akapiga taratibu.

"Sasa hiyo ni sawa," Mama akasema. Mimi sikuwa nimemwambia kitu. Alikuwa anasikia kasia. Asubuhi ile nzima alivua pamoja naye kwa masikio. Alijua amegeuka, alijua amesimamisha chombo, alijua amevuta kamba mapema. "Mwambie angoje. Samaki anaonja kwanza, si yeye pia ni mutu?" Alipotoa wa kwanza, samaki wa magamba ya rangi ya shaba, mrefu kama mkono wangu mpaka kiwiko, Mama alisikia mapigo ya mkia kwenye turubai, akapiga makofi mara moja, kisha akakumbuka mahali alipo akainamisha kichwa kama anaomba.

Wa pili alikuwa kama yule. Wa tatu kambare, mweusi, na ndevu zake, ambaye alimpa taabu mume wangu mpaka tukasikia akimtukana. Aliwapitisha wote kwenye kamba ya katani kwa mashavu yao na kuifunga kiunoni. Jua lilikuwa limepanda. Nilikuwa nimekaa kwenye jiwe na shati lake mapajani, na nikagundua nina njaa, njaa yenyewe ile ya kweli, inayouma.

Kisha wa nne akashika. Kamba ilikwenda huku na huku, na chombo kikaanza kuvutwa kikipanda mto, jambo ambalo sikuwahi kuliona. Mume wangu alikuwa akicheka peke yake.

"Mkubwa?" Mama akauliza.

"Mkubwa, Mama!"

"Mwambie asisimame. Hata akiwa mkubwa namna gani. Mutu hasimami kwa mashua."

Nilimwambia. Naapa nilimwambia. Alimvuta, akamwinua, kambare mnene kama paja la mtoto, akamtia kwenye kamba pamoja na wenzake, akaifungua kamba kiunoni ili aniinulie nione wote wanne. Na ili nione vizuri zaidi, akasimama.

Chombo kilimtupa bila hata kelele. Dakika moja nilikuwa namwona mume wangu amesimama juu ya Nzoia na samaki wanne mkononi, dakika ya pili tumbo jeusi la mashua linang'aa juani na hakuna mtu. Nikapiga ukelele. Mama aliruka kutoka kichakani, na jambo la kwanza alilolifanya, kabla ya jambo lolote, alivuta leso akajifunika uso, kwa sababu alijua mkwe wake yuko kifua wazi. Mkono ulifanya wenyewe. Na mume wangu alipoibuka, mdomo umejaa maji, macho yamemtoka, akamwona mama mkwe wake ukingoni, alifanya lile ambalo mtu mwingine yeyote asingelifanya isipokuwa mtu aliyelelewa kwetu. Aliona aibu. Akazama tena kwa adabu.

Mimi tayari nilikuwa na mguu majini. "Wewe rudi!" Mama akanipigia kelele, na kwa sauti ile nilirudi. Aling'oa upondo kwenye tope. Aliifunga leso vizuri kichwani, akageuza mgongo kwa mto, akaukamata ule mti chini ya kwapa ncha yake ndefu ikiwa nyuma, akaanza kuingia Nzoia kinyumenyume. Hatua kwa hatua, akipapasa kwa visigino, uso wake ukinielekea mimi. Maji yakafika magotini, kiunoni, kifuani. Gauni lake la kanisani likajaa hewa likamzunguka. Sijawahi kuona mtu mwenye uso mkali na wenye hofu kiasi kile.

"Mwambie ashike muti!" akasema.

Mume wangu alikuwa ameibuka hatua nne nyuma ya mgongo wake. Mimi nilikuwa mbali zaidi. "Shika mti!" nikalia. "Mama anasema shika mti!"

Hapo nilifumba macho nikaomba. Sikuweza kutazama. Nilisikia maji, nilisikia kikohozi, na nikasikia Mama akisema, "Mwambie na mikono mbili! Mbili! Ataachilia!" Nikarudia macho yakiwa yamefumbwa. Nilipoyafumbua, Mama alikuwa anatembea kutoka mtoni kama mtu anayekokota ng'ombe mkaidi, amekaza shingo, macho mbele, na mume wangu anaburutwa nyuma yake kwenye ncha ya mti. Alikuwa ameshika kwa mkono mmoja. Mkono wa pili ulikuwa juu ya maji, na kamba ya samaki imezungushwa kwenye ngumi.

Alianguka kifudifudi kwenye nyasi akatapika nusu ya mto. Mama alikwenda moja kwa moja nyuma ya kichaka chake bila kugeuka, akaanza kukamua gauni. Nilimpiga mume wangu mgongoni ili maji yatoke, kisha nikaendelea kumpiga kwa hasira, nikilia. Nilimwita mjinga na majina mengine. Yeye alinyoosha ile ngumi, nikaifungua kidole kimoja kimoja, nikatoa kamba. Wote wanne walikuwepo. Kambare walikuwa bado wanapumua.

"Mashua iko wapi?" akauliza alipopata sauti.

Mashua ilikuwa imeshapinda kona, tumbo juu, inaelekea Webuye.

"Mwambie asilie juu ya ile kitu," Mama akasema kutoka kichakani. "Imeenda kwetu. Ikifika ziwa watu wangu wataicheka mwaka muzima."

Kisha wakakaa kujikausha. Mume wangu amejifunika shati, ametazama upande mwingine. Mimi nimekaa katikati. Mama ndiye aliyesema, na mara hii hakupaza sauti.

"Muulize. Alijua kuogelea?"

"Hajui, Mama. Hata kidogo."

"Alijua hajui, na akaingia."

"Ndiyo, Mama."

Nikasikia akipumua. "Sasa mimi nitakuchukua nikupeleke wapi?" akasema. "Bungoma kuna nani ataingia kwa maji kwa sababu wewe hukuli? Baba yako? Baba yako anaogopa umande. Leta hao samaki."

Hivyo ndivyo jambo lilivyokwisha. Nililia upya, lakini kwa sababu nyingine, na nikampelekea samaki.

Nimepika samaki maisha yangu yote na sijawahi kupika kama Mama alivyopika pale. Aliwapaa wale wa magamba juu ya jiwe, magamba yakirukia kwenye nywele zake, akawapasua akatoa matumbo kwa kidole kimoja bila kupasua nyongo. Kambare aliwasugua kwa majivu mpaka ute wote ukatoka, akawasuuza, akawasugua tena. Aliwachoma kwanza kwenye vijiti juu ya moshi ili wakaze nyama, akisema samaki asiyepita motoni humwagika kwenye mchuzi. Kisha akawapanga chunguni, vitunguu chini, nyanya juu, maji kidogo, chumvi, akafunika kwa jani la mgomba kutoka kikapuni. Humo kikapuni kulikuwa pia na unga wa wimbi alioniletea kutoka nyumbani, sufuria ndogo ya kuusongea, na hata mwiko. Mtu aliyesema anakwenda kuomba Mungu alikuwa amebeba mwiko. Nilimwonyesha kwa kidole, akajifanya hajaona.

Chakula kilipoiva nikakumbuka. "Mama, utakula wapi? Huwezi kula kwake."

Alitazama huku na huku, kila upande isipokuwa ule wa mume wangu. "Nyumba yake iko hapa?" akauliza. "Mimi sioni mulango. Naona mto. Huu mto unatoka juu kwao na unaisha kwetu. Kila mutu yuko kwake."

Tukakaa hivyo. Mume wangu aliangalia mto, Mama akaangalia mahindi, migongo yao ikielekeana, na mimi nikiwa ubavuni na chungu, nikipakua huku na kupakua huku. Nilipotia mwiko kumpakulia Mama kichwa cha yule kambare mkubwa, alinizuia mkono. Kwao ziwani kichwa cha samaki mkubwa hupewa mvuvi mwenyewe. Mgeni au kibarua aliyeshika kasia hapewi. Hupewa mwanamume wa nyumba, anayehesabiwa kuwa mlishaji wa watu.

"Mpe mwenyewe," akasema.

Nilimpa. Mume wangu hakujua mila ya ziwa, nikamweleza kwa sauti ya chini. Alikiangalia kile kichwa kwenye jani, ndevu zake zimeungua, akakiinua kwa mikono yote miwili. "Mwambie Mama asante," akasema mwishowe.

"Mwambie ale," Mama akasema. "Kitapoa."

Nami nikala. Nilikula ugali wa wimbi na samaki mpaka mchuzi ukanitiririka viwikoni, nikanyonya miiba, nikaomba tena. Walikuwa wamenyamaza, mtu na mama mkwe wake, kila mmoja ametazama upande wake, na nilijua wote wananisikiliza nikitafuna. Nilikuwa mtu mwenye furaha kuliko wote katika Trans-Nzoia nzima, na huzuni yangu ilikuwepo vilevile, imekaa kando yangu imetulia. Jumatatu Mama alipanda basi peke yake.

Mila ya kuwafungulia hatukuifanya. Kila mwaka tulisema mwaka huu, na kila mwaka kukawa na mvua, mtoto, au kazi. Watoto walikuja, wawili, na Mama aliwashika wote mlangoni kwa yule mama wa Chwele. Mume wangu aliendelea kukohoa konani. Hadithi ya mtoni tuliisimulia sana, na kila mara watu walipomsifu Mama kwa kumwokoa mtu bila kumtazama, aliinua kidevu. "Sikuona kitu," alisema. "Hata nywele." Mume wangu naye akiulizwa alisema macho yake yalikuwa yamejaa maji, hakuona chochote ila mgongo wa gauni.

Miaka saba baadaye Mama aliugua kifua, tukaenda Bungoma. Alikuwa amekonda. Nilizungusha vidole vyangu viwili kwenye kifundo chake vikakutana vikapitana, na akaniona nikifanya hivyo, akatabasamu. Ilikuwa alasiri, mlango wazi, kuku wakipita. Mume wangu alikuwa nje amekaa kwenye kigoda nyuma ya ukuta, na Mama alijua yuko pale.

"Kuna kitu nilificha," akaniambia. Kisha akakusanya nguvu akapaza sauti, kama siku za jikoni Kitale, macho yakiwa kwangu. "Siku ile kwa mto. Niligeuka."

Sikuelewa mara moja.

"Aliposhika muti niliona uzito ni kidogo. Nikaogopa ameachilia. Nikageuka nikamwona, uso wote, na mkono mumoja juu na samaki. Nikamwambia na mikono mbili, na hakuachilia samaki. Alikuwa anakufa na hakuachilia chakula yako." Alipumzika. "Ndiyo sababu nilikuacha. Kuogelea ni kitu nilisema tu. Sasa nimevunja heshima, na nimeibeba miaka hii yote. Mwambie anisamehe."

Nilifungua mdomo nianze kurudia, kama nilivyozoea, lakini mume wangu alinitangulia.

"Mwambie Mama najua," akasema nyuma ya ukuta. "Tulitazamana."

Mama alifumba macho akacheka mpaka kikohozi kikamshika, nikamwinua, nikampa maji. Miaka saba! Kila mmoja alikuwa amemfichia mwenzake siri ile nisiijue, na mimi ndiye niliyekuwa mdomo wao. Alipotulia alijivuta akaketi vizuri, akaweka sawa leso yake mabegani, akaacha uso wazi.

"Basi mwambie aingie," akasema.

Sikuwa na haja ya kumwambia. Mume wangu alikuwa ameshavua kofia, akainama kidogo pale mlangoni, akaingia bila kukohoa.